Shauri Yako au Shauri Letu?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetufanyia ardhi kuwa tandiko na majumba kuwa mahali pa utulivu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu,

Ni nadra katika miji yetu ya pwani kumpata mtoto wa chuoni asiyeijua Sura ya Al-Balad. Twaisoma katika sala zetu, na twaisomesha watoto wetu kabla hawajajua kufunga vifungo vya kanzu zao. Lakini ni wangapi kati yetu waliosimama katika aya zake, tangu ya 11 mpaka ya 16, wakajiuliza: zatutaka nini aya hizi? Humo Mwenyezi Mungu ataja njia ya mlimani iliyo ngumu kupandwa, kisha ajibu Mwenyewe ni ipi njia hiyo: ni kumwacha huru mtumwa, au kumlisha siku ya njaa yatima aliye jamaa, au masikini aliyegandamana na mchanga. Neno hili la mwisho wafasiri wamelieleza, na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba makusudio yake ni mtu aliyetupwa njiani, asiye na nyumba wala kitu cha kumkinga na vumbi.

Basi jueni kwamba mtu asiye na pa kulala si jambo la magazeti wala si fikira ya wanasiasa wa leo. Ametajwa na Mola wake katika Kitabu chake, na kumsaidia kumefanywa ni sehemu ya kupanda ule mlima ambao asiyeupanda hakufika.

Leo twataka kuwapandisha wasomaji wetu mlima wa kuonekana kwa macho, nao ni Mlima Kenya, upande wa mashariki yake, penye miji ya Meru na Embu. Huenda msomaji wa Mvita, au wa Malindi, au wa Lamu, akauliza: kuna nini huko kinachotuhusu sisi? Twamjibu: kila siku magari ya miraa hushuka kutoka Meru mpaka Mombasa, na fedha zetu hupanda kwa njia ile ile. Ikiwa njia ya kuwapelekea thamani ya kitu kinachowakesha vijana wetu vibarazani bila ya faida twaijua sana, vipi iwe njia ya kupeleka sadaka hatuijui?

Katika mji wa Embu kuna mtaa wa mafukara uitwao Shauri Yako. Sisi watu wa pwani twasema "shauri lako", lakini maana ni moja: jambo ni lako wewe, mimi simo. Tazameni jina hilo! Mtu ajenga kibanda cha mbao na mabati makuukuu, mvua yamwingilia, baridi ya mwezi wa Julai yamtoboa mifupa katika nchi iliyo zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na jina la mahali alipo lamwambia kila akilitamka kwamba hana wa kumshughulikia. Hatumlaumu aliyelitia mtaa huo jina. Pengine alikuwa mkweli kuliko sisi. Tulaumu moyo unaolisema neno hilo bila ya kulitamka.

Na watu wa nchi hiyo hawakukosa makao kwa uvivu, kama wengine wanavyodhani. Mwezi wa Oktoba 1952 serikali ya Kiingereza ilitangaza hali ya hatari. Mwezi wa Aprili 1954 ikawazunguka watu wa Nairobi, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatolewa majumbani mwao kwa maelfu, wengine wakatiwa kambini, na wengine wakarudishwa makwao kwa nguvu. Mwezi wa Juni mwaka ule ule ikaamriwa watu wa mashamba wakusanywe katika vijiji vilivyozungushiwa maboma na mahandaki. Majumba yao ya asili yalibomolewa na mengine yakatiwa moto, na haikutimia miaka miwili ila watu zaidi ya milioni moja walikwisha kuhamishwa katika vijiji zaidi ya 800. Embu ilikuwa katika wilaya zilizopatwa na msiba huo.

Baadhi ya wafungwa wa wakati ule waliletwa huku kwetu. Manyani iko katika njia ya gari la moshi liendalo Mombasa. Hola iko juu ya Mto Tana, na huko tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa. Wengine walichimbishwa mifereji ya mashamba ya mpunga ya Mwea, ambayo siku hizo ilikuwa katika Wilaya ya Embu. Hali ya hatari ilipoondolewa mwaka 1960, mwenye ardhi alirudi shambani kwake akajenga upya. Lakini asiyekuwa na ardhi, au aliyepokonywa, au mjane ambaye ardhi iliandikishwa kwa jina la shemeji yake katika ule mpango wa hati uliotangazwa mwaka 1954, huyo arudi wapi? Wengi walibaki pale pale kijijini, wakazaa na kuzalia katika kiwanja kisichokuwa chao. Wengine wakashuka mijini wakatafuta chumba cha kupanga, na aliyeshindwa na kodi akalala barazani mwa duka.

Kisha kuna jambo jingine ambalo lastahili kututia haya. Wameru katika mapokeo yao husimulia kwamba asili yao ni kisiwa kiitwacho Mbwaa, kando ya bahari. Kwamba walikuwa wakitumikishwa na watu wawaitao Nguo Ntuni, yaani wenye nguo nyekundu, mpaka wakatoroka usiku wakavuka maji. Wako wataalamu waliosema kuwa kisiwa hicho ni Manda, mbele ya mji wa Lamu, na wako wasiokubali. Sisi hatusemi kwamba habari hiyo imethibiti kwa kila neno lake. Twasema hivi tu: watu hao, wanapowasimulia watoto wao jinsi babu zao walivyokosa maskani mara ya kwanza, huonyesha kwa kidole upande wa pwani. Je, itatudhuru nini wakituona safari hii tunakwenda kwao na mkono wa kheri?

Na huko hawako wageni watupu. Waingereza walipoweka boma lao Embu mwaka 1906, na Meru baada yake kidogo, walifuatana na askari, wachuuzi na watumishi, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu. Hao ndio asili ya mitaa ya Kiislamu katika miji ya bara. Na mpaka leo Embu kuna mtaa wa Majengo, na Meru kuna Majengo na Mjini. Katika miji mingi ya bara watu wa mitaa kama hiyo walipewa viwanja kwa idhini ya muda tu, si kwa hati, hata mtu akazaliwa, akaoa na akafia mahali ambapo kwa sheria ni mpita njia.

Sasa tuseme juu ya serikali, kwani wako wasemao, "Kazi hii ni ya serikali, si yetu." Kweli, serikali ina wajibu wake, na haifai kuusamehe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, imempa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Mwaka 2011 serikali pamoja na Benki ya Dunia ilianzisha mpango wa kutengeneza mitaa ya mafukara katika miji 15, na Embu ilikuwamo, pamoja na Mombasa na Malindi yetu. Makusudio yake yalikuwa njia, mifereji, maji, taa, na hati za viwanja. Mwaka 2024 ikapitishwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ambayo kwayo mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na tajiri wake hutoa kiasi kama hicho. Na ndani yake limewekwa fungu la nyumba za watu ambao pato lao kwa mwezi halifiki shilingi 20,000.

Haya ni mambo mazuri yakitekelezwa kwa uaminifu, na Mwislamu akipewa nyumba atazame masharti yake asiingie katika riba. Lakini fikirini: mama aliyefukuzwa jana na wakwe zake, mzee aliyekwisha nguvu, mtoto aliyetoroka kipigo akawa chokora wa sokoni, hawa hawana mshahara wa kukatwa wala amana ya kuweka. Nyumba ya serikali itakamilika baada ya miaka miwili au mitano. Wao wataka pa kulala usiku wa leo. Kati ya usiku wa leo na siku ya kukabidhiwa ufunguo pana nafasi kubwa, na nafasi hiyo ndiyo aliyotuwekea Mwenyezi Mungu sisi majirani.

Tazameni mwendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Alipohamia Madina hakuwa na hazina wala watumishi, na Muhajirina walikuwa wametolewa majumbani mwao na mali zao, kama ilivyotajwa katika Sura ya Al-Hashr, aya ya 8. Alifanya nini? Aliwaunga udugu na Ansari, wakawapokea majumbani mwao. Na wale wasiopata jamaa wala nyumba aliwawekea kivuli cha Suffa, nyuma ya msikiti wake, wakalala hapo, wakala hapo, wakasoma hapo. Abu Huraira (R.A.), ambaye leo hatufungui kitabu cha Hadithi ila twalikuta jina lake, alikuwa mmoja wa watu hao wasio na nyumba.

Bukhari ameipokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) habari ya mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru. Mabwana zake walimtuhumu wizi wa pambo la ngozi nyekundu, wakampekua mpaka pasipopekuliwa, na kumbe lilichukuliwa na mwewe. Na mwewe akalirudisha mbele ya macho yao. Mwanamke yule akawaacha, akaja kwa Mtume akasilimu. Hakuwa na mume, wala jamaa, wala chumba. Akapigiwa hema ndogo ndani ya msikiti, ikawa ndiyo nyumba yake, na alikuwa akija kuzungumza na Bibi Aisha.

Ndani ya msikiti! Basi na tujiulize: lau mwanamke kama huyo angefika usiku wa leo mlangoni pa msikiti wetu, katika Mombasa au katika Embu, angepata hema au angepata kufuli? Hatusemi misikiti igeuzwe nyumba za kulala. Usafi na heshima yake ni lazima. Lakini Imamu Shafii amejuzisha kulala msikitini, na hapana kinachotuzuia kujenga ubavuni mwake vyumba viwili au vitatu kwa ajili ya aliyeshikwa na usiku. Imepokewa na Ibn Majah kwamba Mtume (S.A.W.), alipoyahesabu mambo yanayomfuata Muumini baada ya kufa kwake, aliutaja msikiti alioujenga, kisha akaitaja nyumba aliyoijengea wasafiri. Twajenga ule wa kwanza mpaka misikiti yaadhiniana ukuta kwa ukuta. Mbona ile ya pili tumeisahau?

Huenda mtu akasema, "Wengi wa watu hao wa Meru na Embu si Waislamu." Twamjibu kwa Sura ya Al-Mumtahana, aya ya 8: Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala hawakututoa majumbani mwetu. Imamu Nawawi katika Minhaji amehesabu kuwa ni faradhi ya kutosheleza kuwaondolea Waislamu dhara, kama kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, ikiwa zaka na Baitul-Mali havikutosha. Na washereheshaji wakaeleza kwamba asiye Mwislamu aliye katika amani naye haachwi nje. Faradhi ya kutosheleza mwaijua hukumu yake: wakiifanya baadhi, wengine husalimika, isipofanywa na mtu, wenye uwezo wote wamepata dhambi.

Mwingine atasema, "Zaka ya mji haihamishwi." Amesema kweli, na hiyo ndiyo kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu maadamu wastahiki wako. Nao wako! Hesabu ya watu wa mitaani iliyofanywa nchini Kenya mwaka 2018 iliwapata watu 46,639. Nairobi ilikuwa ya kwanza kwa watu 15,337. Na ya pili, jamani, ilikuwa Mombasa, kwa watu 7,529. Basi zaka yako na ibaki Mombasa, impe masikini mkononi mwake kodi ya chumba chake. Lakini sadaka na wakfu havikufungwa kwa mipaka ya mji. Hivyo na vipande mlima.

Na kabla ya kuwanyoshea kidole watu wa bara, tutazame jinsi sisi wenyewe tunavyowatengeneza wasio na nyumba. Mwanamume amwacha mkewe kwa hasira saa tano za usiku, amtupia sanduku lake mlangoni, hali ya kuwa Sura ya At-Talaq, tangu aya yake ya kwanza, yakataza kumtoa nyumbani katika eda yake. Mtu afa, na kabla ya eda ya mjane kwisha ndugu wa maiti wamekwisha kuleta dalali, na ilhali kauli yenye nguvu ya madhehebu yetu ni kwamba mjane ana haki ya kukaa nyumbani mpaka eda ishe. Matanga yafanywa kwa mkopo, mbuzi na mchele na halua, kisha chumba cha mayatima chauzwa kulipa deni la wale waliokuja kula. Na wakfu waliouacha wazee kwa ajili ya mafukara, wengine wamekuwa wakiupangisha kwa jamaa na marafiki kwa kodi ya senti, na fukara aliyeandikiwa yuko nje akihesabu nyota. Hayo yote hayakuletwa na Mwingereza.

Basi darasa yetu yapendekeza mambo haya, wala hapana katika hayo lisilowezekana:

Kwanza, kila msikiti uhesabu, katika mtaa wake tu, ni nani asiye na pa kulala, na ni kwa sababu gani. Hatuwezi kumsaidia tusiyemjua.

Pili, iwekwe akiba ya kodi ya nyumba, itolewe kwa wajane, walioachwa na mayatima, kwa muda wa miezi mitatu au minne, mpaka mtu apate kusimama. Wengi hutupwa njiani kwa kukosa kodi ya mwezi mmoja.

Tatu, mwenye nyumba ya vyumba sita aweke wakfu chumba kimoja, au kodi yake. Katika madhehebu ya Shafii yafaa kuweka wakfu hata fungu la mali isiyogawanywa. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi yake ya Khaibar, mali aliyoipenda kuliko zote, Mtume alimwelekeza aizuie asili yake na atoe mazao yake; akawapa mafukara, na jamaa, na wasafiri, na wageni.

Nne, wanasheria wetu na wenye elimu ya ofisi wawasaidie ndugu wa Majengo za Meru na Embu, Waislamu na majirani zao, kuzifuatia hati za viwanja vyao. Karatasi moja yaweza kumlinda mtu kuliko kuta nne.

Tano, anayetaka kumfanyia maiti wake jambo la kumfaa, gharama ya hitima ya siku moja aigeuze mabati ya kumwezekea masikini. Mabati hayo yatamkinga mvua miaka 20, na karamu itakuwa imesahauliwa kabla ya sufuria kuoshwa.

Ndugu zetu, kaburi ni nyumba ambayo kila mmoja wetu ataihamia bila ya hati wala ufunguo, na siku hiyo jamaa na marafiki watatufuata mpaka ukingoni, kisha watarudi. Atakayekuwa amemfungulia mlango asiye na mlango, twatarajia kwa Mola wake kwamba hatafungiwa. Na atakayekuwa amesema "shauri yako", achelee asije akaambiwa neno lilo hilo wakati ambapo hana mwingine wa kumkimbilia.

Ewe Mola wetu, usitufanye katika wenye kusali wakazuia msaada mdogo. Wape makao wasio na makao, juu ya mlima na kando ya bahari, na ufanye mikono yetu iwe ndiyo sababu. Amin.

Wabillahi ttaufiq. Wassalamu alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh.